Kumtafutia Mama Mlima

Wenzangu wa kwaya, na wewe Zawadi usiyeimba ila huja mazoezini kwa ajili ya chai, tangu nirudi mnaniuliza swali lile lile: mlikwenda wapi na mama siku zote zile, na huo mlima mliuona au hamkuuona? Kila mara nimewajibu nusunusu, tukiwa tumesimama mlangoni mwa kanisa pale Regent Park, upepo unatupiga, na mimi jicho langu liko kwenye basi linalokuja. Nasema "tuliuona" halafu nakimbia. Hilo si jibu la kumpa mtu mliyeimba naye miaka. Sasa majani yameshapukutika, jioni zimekuwa ndefu, na nimekaa kuwaandikia yote tangu mwanzo. Habari za tiketi na karatasi naziruka, maana hizo hazina utamu wowote.

Downsview, nchi iliyopigwa pasi

Mama yangu ni mtu wa Tukuyu. Amezaliwa, ameolewa na amezeeka chini ya Mlima Rungwe, kwenye migomba na mvua isiyojua kuchoka. Baba alipofariki nikamleta Toronto anitembelee, na moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba asirudi. Ninaishi peke yangu, mnajua. Kaka yangu Ambakisye kule nyumbani ana mke na watoto wa kujaza basi, mimi nina fleti ya vyumba viwili inayotazama maghala. Tangu nije nchi hii sijapata kulala kama nilivyolala mama alipokuwa chumba cha pili akikoroma.

Nilimuuliza mara nyingi kama atabaki. Kila mara alinijibu kwa upole kwamba hilo tutalisema mlima ukifunguka.

Kwetu hilo si fumbo. Rungwe hushinda ndani ya mawingu sehemu kubwa ya mwaka, na siku ukijitokeza watu husema umefunguka. Ukoo wetu una desturi yake, wala sijui kama ni ya Wanyakyusa wengine au ni ya kwetu tu: jambo zito halisemwi mlima ukiwa umefunikwa. Habari za mahari, za kugawana shamba, za mgonjwa asiyetarajiwa kupona, zote zilisubiri. Nakumbuka baba alipotaka kuniambia kwamba nitakwenda kusoma Iringa na kukaa kwa shangazi. Wiki nzima mlima ulikataa kuonekana, na mimi nilijua kuna neno linakuja kwa sababu kila nikikaa kula nilipewa paja la kuku. Asubuhi ulipofunguka tuliitwa uani, tukasimama tukiutazama, na baba akasema alichotaka kusema. Nikiwaza utoto wangu, nauona ule ua, umande kwenye majani ya migomba, na mlima umesimama juu yetu wote, mweusi huku chini na samawati kule juu.

Basi sasa mweke mtu wa namna hiyo mtaani kwangu Downsview. Nilimpandisha kwenye ule mnara mrefu wa mjini, nikidhani huko juu labda atapata cha kumridhisha. Akazunguka kioo chote taratibu, akaangalia ziwa, paa, barabara, na nchi inayokwenda mpaka macho yachoke bila kuinuka mahali. Akaniuliza ni nani aliyeipiga pasi nchi hii.

Mnajua mimi kabla ya kuja kufunga mikate kiwandani nilikuwa mwalimu wa jiografia Mbeya, na ualimu ni ugonjwa usio na dawa. Nikaanza pale pale. Nikamweleza kwamba ganda la dunia limekatika vipande vikubwa, mabamba, na mabamba hayo yanatembea polepole kama kucha inavyoota. Milima huzaliwa kingoni, pale bamba moja linapokutana na jingine au linapoachana nalo, na volkano nyingi ndiko zinakotokea. Toronto iko mbali na kingo, katikati kabisa ya bamba, mahali ambapo hakuna linalotokea. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba kama ni hivyo, jambo letu nalo litakaa hapo katikati lisitokee.

Nilicheka. Wiki mbili baadaye nilikuwa sicheki tena, kwa sababu Ambakisye alipiga simu kutaka kujua mama anarudi lini, na mama akampa jibu lile lile alilonipa mimi. Hapo ndipo nikajua hafanyi mzaha. Kama mlima ndio unaotakiwa, nikasema, nchi hii inayo milima, tena mingi, ila iko mbali. Nikaomba likizo yangu yote. Shirin wa Unionville, ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa Mbeya, aliponisikia akasema dada yake Gulzar yuko Vancouver na tukifika huko tusilale kwingine. Nikamshukuru, lakini kimoyomoyo nilijua hatutafika huko. Milima ya Rocky ingetosha na kubaki.

Kaskazini ya Ziwa Superior

Mama alipika kana kwamba tunakwenda nchi isiyo na moto. Chapati, maandazi, kuku wa kukaanga, ndizi za kuchemsha zilizopondwa na karanga, na chupa mbili za chai ya tangawizi. Basi lilipotoka stendi ya Toronto harufu yetu ilikuwa imeshafika kwa dereva. Nilijikunyata kwa aibu. Mama yeye alifunua kontena, akamgusa bega mtu wa kiti cha mbele, na kumpa andazi bila kumuuliza kama ana njaa.

Mtu huyo akageuka na kusema, "Aksanti mama. Kumbe munasemaka Kiswahili?"

Ndivyo tulivyompata Papa Bahati. Alikuwa mtu wa Goma, mpole, mwenye koti la suti na viatu vya kazi, akienda Calgary kuanza kazi kwenye kiwanda cha nyama. Alikuwa amekaa Toronto majira mawili ya baridi peke yake, akiwasubiri mkewe na watoto waliokuwa wangali kwenye kambi ya wakimbizi. Tangu hapo hatukuwa wawili tena. Alihamia kiti cha upande wa pili wa njia, na yeye na mama wakaanza kulinganisha milima kama watu wengine wanavyolinganisha wajukuu.

Siku ya pili asubuhi, msituni, ziwa likionekana kati ya miti upande wa kushoto, basi likatoa moshi na kusimama. Dereva akatuambia lingine limeagizwa. Hakusema litatoka wapi, na kwa ukubwa wa nchi hii mtu angefanya vizuri kutouliza. Tukashuka. Barabara pale imepasuliwa katikati ya mwamba, ukuta wa jiwe la waridi na kijivu, lenye mistari iliyojikunja kama unga wa ngano uliokandwa vibaya. Mama akalisogelea, akaliwekea kiganja.

Na mimi nikaona bahati yangu. Nikamwambia, mama, unajua umeshika nini? Hilo ni shina la mlima. Zamani ambazo hata kuzitamka hatuwezi, mabamba yaligongana hapa yakainua milima mirefu, mvua na barafu zikaila mpaka ikaisha, na hii iliyobaki ni mizizi yake. Kwa hiyo kwa hesabu za kitaalamu tumesimama mlimani, na tena haujafunikwa na wingu lolote. Kama ana neno, aliseme.

Akaniangalia kwa huruma. Akasema huo ni mlima uliokwisha kufa na kuzikwa, nami namtaka aongee kaburini.

Papa Bahati alicheka mpaka akakaa chini. Kisha, tulipokuwa tukila kuku tumekaa kwenye majani pembeni ya barabara, mama akamuuliza kuhusu mlima wa kwao, kama ni kweli unawaka hadi leo. Akasema ni kweli. Usiku mawingu juu ya Goma huwa mekundu kwa chini, kwa sababu juu ya mlima kuna ziwa la moto, na watoto hulala na wekundu ule dirishani kama taa ya chumbani. Alipokuwa mdogo ulipasuka ubavuni, na moto ukateremka mbio kama maji ya mvua. Walikimbia. Baadaye walirudi, wakajenga juu ya yale mawe meusi, wakapanda maua ukutani.

Mama akamwuliza kama ndio uliomtoa kwao mpaka akafika huku.

"Hapana, mama," akasema. "Mulima haikutufukuza. Mulima ikitapika, unakimbia, inapoa, unarudia. Batu njo balitufukuza."

Mama alimkatia paja lililobaki akamwekea juu ya chapati, na tukakaa tukisikiliza mbu mpaka basi la pili lilipofika mchana.

Nyanda za ngano

Baada ya Winnipeg nchi ikalala chali. Nyinyi mliokwenda huko mnajua. Ni ngano, mbingu, reli, ghala moja refu la nafaka, kisha ngano tena. Nilijaribu kufundisha hata hapo, kwamba udongo wote huu ni vumbi la milima iliyosagwa na kuletwa na mito na barafu, lakini wanafunzi wangu wote wawili walikuwa wamelala. Nami nikalala.

Niliamshwa na kiwiko cha mama. "Tusekile," aliniita kwa jina zima, jambo ambalo halifanyi. "Amka. Mlima."

Nilifungua macho na nikauona. Mbele yetu, kule mwisho wa ngano, ulikuwa umesimama mlima mkubwa wa samawati wenye kilele cheupe, na mabega yake yakishuka pande zote mbili vizuri kabisa. Mama alikuwa ameshakaa wima. Alikuwa ameshafunga upya kilemba chake, ameshafuta makombo kwenye gauni, na akakohoa kidogo kusafisha koo. Nilijikuta nasema kimya, bado, mama, bado, hapa kwenye basi na watu wote hawa hapana. Kwa mara ya kwanza tangu tutoke Toronto niliogopa jibu lenyewe. Nilikuwa nimeshughulika na kutafuta mlima hata nikasahau kwamba mtu mwenye jibu zuri hakawii kulitoa.

Mlima ukaanza kugeuka. Bega moja likanyanyuka, kilele kikatanuka upande. Kisha radi ikapiga ndani yake.

Mama alilitazama lile wingu likitupita upande wa kaskazini na mvua yake. Akalegeza kilemba. Akasema kwa Kinyakyusa neno ambalo sitawaandikia, kisha akaomba chai. Mwanamke mmoja mkulima, mweupe, mwenye kofia ya majani, aliyekuwa amekaa nyuma yetu akimwangalia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama bibi anaogopa radi. Nikamwambia hapana, alidhani ni mlima. Yule mwanamke hakucheka. Alisema yeye ameishi hapa maisha yake yote, na alipokuwa mtoto, kila jioni ya kiangazi, alikuwa akijifanya mawingu yale ni milima, na alikuwa ameipa majina. Nilipomtafsiria mama, akamgeukia, akampa mkono, na akashika mkono ule kwa muda mrefu kuliko watu wa huku walivyozoea.

Calgary tuliagana na Papa Bahati. Alisimama stendi na begi lake moja, koti la suti amelifunga vifungo vyote. Mama akampa maandazi yote yaliyosalia, akamwambia amsalimie mkewe siku atakapofika. Papa Bahati akamwambia na yeye apate mulima yake, na kwamba akiupata aseme polepole, mulima haina haraka. Mpaka leo nikipita karibu na watu wanaoongea Kiswahili cha kwao, nageuka kuangalia kama ni yeye.

Milima ya Rocky

Saa chache baadaye milima ya kweli ikatokea, na hapo hapakuwa na wingu la kumdanganya mtu. Nchi tambarare inafika mahali inakoma, na palipokoma pamesimama ukuta wa mawe wenye meno, kutoka upande mmoja wa macho mpaka mwingine, na theluji mwezi wa Julai. Nililia kidogo, nakiri. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa Mbeya habari za milima ya mikunjo kwa kuchora ubaoni na chaki mbili, bila kuwahi kuiona. Kumbe mistari ile niliyokuwa nachora ni ya kweli. Unaiona kabisa juu ya mwamba, tabaka juu ya tabaka, mengine yamesimama wima.

Nilichukua chapati ya mwisho, nikamwonyesha mama. Nchi hizi zilisukumwa kutoka baharini zikaja kujibana kwenye ubavu wa bara, nikamwambia, hivi, na nikaisukuma chapati kwa viganja viwili mpaka ikakunjamana na mkunjo mmoja ukapanda juu ya mwingine. Mama akaipokea ile chapati iliyokunjamana, akaila. Kisha akaangalia nje muda mrefu na kuniuliza ni upi.

Upi nini?

Upi ndio mlima.

Nilimwambia yote, mama, yote hii ni milima. Akatikisa kichwa. Tukaingia ndani zaidi, na kila kona ikaja na mingine. Mbele kidogo basi likasimama tena. Mawe yalikuwa yameporomoka barabarani na mashine zilikuwa zinayaondoa, kwa hiyo tukateremshwa kwenye kimji kidogo chenye mgahawa mmoja, tukae mpaka njia ifunguliwe. Tulikaa mchana kutwa. Mama akanituma mimi mtafsiri wake nimuulize mama wa mgahawa jina la mlima wao. Yule mama, mkarimu kweli, akatutoa nje na kuanza kutaja: ule kule ni fulani, wa pili fulani, ile mitatu ni masista, huu ulipewa jina la jenerali ambaye hakuwahi kufika. Alipofika wa kumi hivi mama alikuwa anatikisika kwa kicheko na kumshukuru.

Jioni jua likapiga vilele vyote vikawa rangi ya chungwa. Hapakuwa na ukungu wala wingu, kila jiwe limeoga na kuvaa. Nikaona sitapata tena nafasi kama hii, na likizo yangu ilikuwa inakwisha. Nikamwambia, mama, imefunguka. Yote imefunguka. Sema.

"Ni mingi mno, mwanangu," akasema. "Ukiipa jambo, itajibizana yenyewe kwa yenyewe."

Nilikasirika. Mnanijua nikikasirika, sipigi kelele, natoa mhadhara. Nikamwambia kwamba Rungwe umesimama peke yake kwa sababu za kawaida kabisa. Kwetu nchi haigongani, inachanika. Bonde la ufa ni mchaniko, na pale karibu na Mbeya mikono yake inakutana, nchi inavutwa huku na huku, ganda linakuwa jembamba, na uji wa moto unapata pa kupandia. Unapanda kwenye tundu moja, unajimwaga, unapoa, unajimwaga tena juu yake, ndiyo maana unapata mlima mmoja mviringo. Huku nchi ilisukumwa, na nchi ikisukumwa inakunjika safu nzima. Hakuna mlima ulio mtukufu kuliko mwingine, ni namna mbili za kutengenezwa tu.

Mama alinisikiliza hadi mwisho kama alivyonisikiliza kule mnarani. Akasema anashukuru, sasa ameelewa vizuri kuliko siku zote. Anaoutaka yeye ni ule wa namna ya kwanza. Je, nchi hii inao?

Ugonjwa wa ualimu ukanijibia kabla sijauzuia. Nikasema, upo. Pwani.

Kwa Gulzar

Pwani ya magharibi bamba la chini ya bahari linazama chini ya bara. Linakwenda chini na maji yake, na huko kwenye joto maji hayo yanafanya mwamba ulio juu yake uyeyuke na kupanda. Kwa hiyo kuna volkano zilizojipanga nyuma ya pwani, mojamoja, kila moja na nafasi yake. Moja iko ng'ambo ya mpaka, upande wa Amerika, lakini kwa mwinuko wake inaonekana kutoka Vancouver. Hayo nilimweleza mama usiku kucha basi likiteremka kutoka milimani, na safari hii hakulala.

Gulzar alitupokea mlangoni na kanga mabegani na Kiswahili cha Mbeya ambacho hata mimi nimeshakisahau, kile cha zamani cha sokoni. Alikuwa ametoka kule akiwa msichana. Alitupikia mbaazi, wali, kachori, na kila tulipokula aliuliza habari za mtu mwingine wa soko la Mbeya, na mama akamjibu yupi kafa na yupi kaoa tena. Wazee wawili wale walikumbushana mpaka mitaro ya maji. Mimi nilikaa kati yao nikamenya vitunguu na kutamani jambo moja tu, kwamba maisha yangekuwa hivyo kila siku, na mama awe kwenye kila jiko nitakaloingia.

Dirisha la jiko lilielekea kusini mashariki. Gulzar akatuonyesha mahali mlima ulipo. Palikuwa na ukungu mweupe kama pazia.

"Upo pale," akasema, "ila mtaniamini kwa neno langu tu."

Siku ya kwanza tuliamini. Ya pili mvua. Ya tatu mvua na majirani wakituambia kwamba kuna mwaka hawakuuona kiangazi kizima. Mama hakuonyesha wasiwasi hata kidogo. Alikuwa mtu aliyerudi kwenye hali anayoijua: mlima uko, umefunikwa, unasubiriwa. Alikaa dirishani na chai, akaimba nyimbo za kupalilia, akawa mchangamfu kuliko siku yoyote ya Downsview. Nilimwangalia nikapata tumaini. Nikajiambia, mtu anayependa hivi huku hawezi kushindwa kubaki. Nikaanza hata kupiga mahesabu ya kuhamia Vancouver, nipate kazi, nikodi nyumba yenye dirisha la upande huo. Nilimwambia. Akanipapasa kichwa na kusema nina moyo mzuri, na sikutaka kujiuliza kwa nini ananipapasa.

Asubuhi ya kuondoka kwetu nilikuwa nakunja nguo niliposikia anaita, bila haraka. Nikaenda jikoni. Pazia halikuwepo tena. Mlima ulikuwa umesimama peke yake juu ya nchi, mweupe wote, miguu yake haionekani kwa ukungu wa bluu, mabega yakiteremka sawasawa kushoto na kulia. Hakuna mwingine karibu nao. Ulikuwa mkubwa kuliko nilivyotegemea na umetulia kabisa. Gulzar alizima jiko na kutoka, na nikasikia mlango wa varanda ukifungwa.

Mama alikuwa amevaa kilemba chake. Aliusalimu ule mlima kwa Kinyakyusa, kwa heshima, kama unavyomsalimu mkubwa wa ukoo mwingine unayepita kwake. Akaniita nisimame karibu yake, wote wawili tukielekea dirishani.

"Ninarudi nyumbani, Tusa," akasema. "Sirudi kutembea. Narudi kukaa, na nitalala alipolala baba yako. Usininunulie tiketi nyingine ya kuja huku."

Nilimuuliza ameamua lini. Akasema alijua tangu alipokuwa anapanda ndege ya kuja. Alikuja kuniona ninavyoishi, ameona, ameridhika kwamba nitaweza.

"Sasa mbona umenizungusha nchi nzima, mama? Si ungeniambia Toronto?"

"Anayesema hahitaji mlima," akasema. "Yeye ameshajua. Mlima tunaungoja kwa ajili ya anayeambiwa, apate pa kuyaweka macho. Kule kwako ungeyaweka wapi? Kwenye friji?"

Nikacheka, na kicheko kikageuka kilio kabla hakijaisha. Niliutazama mlima. Niliitazama theluji yake, bega la kulia, bega la kushoto, kovu jeusi karibu na kilele ambako bado hutoka mvuke, na kila nilipoona siwezi tena, ulikuwa bado upo pale na nafasi ya kutosha. Mama hakunishika wala hakunibembeleza. Aliniacha nautazama mpaka nilipomaliza, na ndipo nikageuka nikamtazama yeye, nikamwambia, "Nimesikia, mama."